Bonfils wa Ngagara, Fundi Aliyetia Sahihi kwa Mgongo

Alizaliwa Ruziba, kando ya ziwa, tarehe 11 Julai 1965, mtoto wa tatu wa Térence, mkulima wa mpunga, na Caritas mke wake. Mama huyo alisimulia mpaka kufa kwake kwamba siku ile paa la nyumba, ambalo siku zote lilivuja kila upande, halikuvuja hata tone. Mwezi wa Julai mvua hainyeshi Ruziba, lakini mama mzazi haulizwi habari za mawingu. Mtoto alibatizwa sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, akapewa jina la Bonfils. Alisoma mpaka darasa la sita. Akatoka hapo anajua kusoma vizuri, kuandika kwa jasho, na Kifaransa cha kumsalimia daktari.

Wito wake ulimjia mwaka 1982 huko Buyenzi, alipopita mbele ya karakana ya Mzee Massoudi, Mwislamu mkongwe wa mji ule, akaona vyuma viwili vikishikana kwa moto vikawa kimoja. Alisimama akitazama bila miwani, jambo ambalo mtu hafanyi mara mbili. Siku tatu alilala na viazi vilivyokatwa juu ya macho, na siku ya nne akarudi kuomba kazi. Massoudi alimfundisha kuchomelea kwa miaka minane, naye akamfundisha pia desturi ya karakana yake. Tangi jipya la kuchemshia mawese lilipowashiwa moto mara ya kwanza ili kujaribiwa, yule aliyelichomelea aliketi juu ya kigoda, hatua mbili kutoka kwenye tangi, ameligeuzia mgongo, mpaka mvuke ukolee. Massoudi alikuwa akivuta tasbihi yake. Bonfils alisali rozari nzima. Mzee alisema neno moja tu juu ya jambo hilo: "Ukiogopa kumupa tanki mugongo, simama, zima moto, anza mushono upya."

Mwaka 1990 aliingia katika karakana kubwa ya Bwana Régis, kule kwenye mtaa wa viwanda karibu na bandari, na desturi ile akaenda nayo, mafundi wenzake wakaishika. Alimwoa Adélaïde, wakapanga nyumba katika mtaa wa Ngagara, kartiye ya tano, wakamzaa binti, Elsa. Mshono wake ulikuwa umepangana kama magamba ya samaki. Wafanyabiashara wa mawese walifika kutoka mbali wakitaka tangi la Bonfils, si la mwingine. Yeye aliinamisha kichwa wanapomsifu, ila hakuondoka mpaka wamalize.

Jaribu kuu la maisha yake lilianza Januari 2009. Mkuu wa karakana alistaafu, na Bwana Régis akamwita Bonfils apande juu, kwenye biro, ofisi yenye feni na kiti cha mkuu chenye magurudumu, awe mkuu wa mafundi kumi na wanne. Kazi ya mkuu ilikuwa kukagua kila tangi na kutia sahihi kwenye karatasi yake. Ngazi ya chuma ya kupandia biro hiyo Bonfils aliichomelea mwenyewe, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kufika juu yake ila kuisugua kutu. Alijibu: "Patron, mi ni mutu wa moto. Mukinipa bic ya kuandikia, nitaichomelea ku meza." Wakacheka wote, akashuka.

Aliitwa mara tatu, akakataa mara tatu. Padre alimtaja katika mahubiri kama mfano wa mtu asiyetafuta ukubwa, na unyenyekevu wake ukajulikana Ngagara nzima, naye akausikia ukisifiwa bila kuumia sana. Mtu mmoja tu hakuusifu, Adélaïde, aliyemwambia akimpakulia maharage: "Unyenyekevu ya wapi, Baba Elsa? We unaogopa. Huku chini unasifiwa. Kule juu utawaambia watu kazi yao ni mbaya, na watakununia." Bonfils aliomba aongezewe mchuzi. Lakini maneno yale hayakumtoka. Alijua tayari kwamba kalamu haikuwa hofu yake. Aliogopa kumtazama mwenzake aliyekula naye samaki wa ndagala mchana na kumwambia: anza upya.

Kazi akapewa Jovithe, kijana mwenye diploma. Hakuwa mtu mbaya. Aliviondoa vigoda akisema kwamba kumweka mtu karibu na tangi la moto ni hatari, na kusema kweli hakukosea. Kosa lake ni kwamba alidhani karatasi inatosha. Bonfils aliendelea kukaa mgongo kwa matangi yake mwenyewe tu, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Asubuhi ya tarehe 9 Machi 2010, alipita karibu na tangi la rafiki yake Shakuru, lililokuwa likingoja kujaribiwa. Akaona chini yake mshono uliokimbizwa, wenye matundu madogo kama ya mkate. Alisimama. Akafungua mdomo. Halafu akajiambia kwamba yeye si mkuu, mkuu yuko juu na feni yake, akaenda zake. Saa nne mshono ulifunguka. Mvuke ulimchoma Shakuru shingoni na mkononi, na vidole vya mkono wa kushoto havikukunjuka tena mpaka leo.

Bonfils aliungama kwa padre, akapewa zaburi za kusali. Hazikumtuliza. Siku ya tano alikwenda hospitalini, akakaa kando ya kitanda, na wakazungumza maneno ambayo Shakuru hueleza bila kuongeza hata moja.

"Mushono yangu, uliiona?"

"Niliiona."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nilisema si kazi yangu."

Shakuru aligeuza uso ukutani. Kisha akasema: "Basi panda ile ngazi, we mwanaume, ikuwe kazi yako."

Alipanda kesho yake kabla ya kahawa. Alimwomba Bwana Régis jambo moja: vigoda virudi, viwe viwili, na hatua ziwe nane badala ya mbili. Kila tangi likijaribiwa, aliyelichomelea na aliyelitilia sahihi wakae pamoja. Jovithe alipelekwa kwenye ununuzi wa vyuma, akanenepa, akafurahi.

Tangi la kwanza alilolikataa lilikuwa la Khaled, mwana wa Mzee Massoudi yule yule aliyemlea. Khaled alitupa kofia ya kuchomelea chini. "Leo umekuwa patron! Ndagala ya mama yangu umekula, leo mushono yangu ni mubaya?"

"Ndagala ilikuwa nzuri," Bonfils alijibu. "Mushono apana. Anza upya."

Khaled alianza upya mara tatu katika juma moja. Ndipo wakakaa wawili, migongo kwa moto, mmoja na tasbihi, mwingine na rozari.

"Umeruka fungu moja la rozari, chef. Nimesikia."

"We sali yako."

Lakini mchana mafundi hawakumwita tena kwenye sinia. Mwaka mzima na miezi miwili alikula peke yake juu, na huo ndio uliokuwa ushahidi wake, kama wa mashahidi wa dini, ila bila simba wala upanga, na sahani moja mezani. Hakulalamika. Alimwambia tu Adélaïde asitie pilipili nyingi, maana mtu akila peke yake pilipili huuma zaidi. Siku moja ya Juni 2011 Shakuru, aliyerudi kazini kufungulia moto kwa mkono wake mzima, alisimama chini ya ngazi akapiga kelele: "Shuka, ugali inapoa!" Akashuka.

Alifariki kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 3 Februari 2022. Kwa miaka karibu kumi na miwili hakuna tangi lililofunguka katika karakana ile. Wengine huita muujiza. Adélaïde huwajibu: "Muujiza gani? Aliirudisha matangi ishirini na saba. Muulizeni Khaled, tisa ilikuwa yake." Kiti kipya cha magurudumu alichonunuliwa kule biro kilikutwa bado kina plastiki yake. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, na huenda likachelewa, lakini mafundi hawakungoja. Mtu akitaka kuukwepa ukubwa kwa jina la unyenyekevu, huambiwa aende kwanza akamwombe Bonfils, na wengi hurudi wakapanda ngazi.

Msalaba wa kaburi lake ulichomelewa na Khaled, asubuhi ya mazishi, huku jeneza likingoja uani. Shakuru aliushika kwa mkono wake mzima, akaugeuza, akautazama sana mahali chuma kinapokutana na chuma. "Ndugu yangu," akasema, "hii si nzuri. Anza upya." Khaled alivaa kofia yake, akaanza upya. Watu walisimama juani saa nzima, na hakuna aliyenung'unika isipokuwa padre. Nasi tunaomsoma tujifunze kwake: anayeona mshono mbaya aseme, na akishasema asiondoke, avute kigoda akae karibu.