Beseni la Mgeni

Kucha zikikwaruza plastiki. Nikiisikia sauti hiyo sokoni, hata ikiwa ni kifaranga tu ndani ya beseni la muuzaji, huacha maziwa ninayopima nikageuka. Cheka ukitaka. Niliwalea wadogo zangu katikati ya mijusi, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo.

Hooyo, mama yetu, alimfuata baba kaburini wakati wa kiangazi. Mimi ndiye kifungua mimba; niliacha shule darasa la saba nikabaki na Fartun na Yusuf katika ua wetu hapa Garissa. Yusuf, kitinda mimba, hakutamka neno tangu mazishi. Alichotaka ni mijusi tu, wale wenye vichwa vyekundu walioota jua kwenye mawe nyuma ya choo, wakitikisa vichwa kama wazee wanaokubaliana barazani. Watoto wa mtaa waliwapiga mawe, kwa kuwa mjusi, husemwa, alipuliza moto aliowashiwa Nabii Ibrahim.

“Mama Mijusi!” walinizomea nikienda kuteka maji. “Leo mmekula mkia au kichwa?”

“Njooni muonje.”

Sikujua lolote kuhusu kufuga mijusi. Nilijua mbuzi. Tulipokuwa bado Griftu, kabla ukame haujatusukuma mjini, Hooyo akinunua mbuzi mnadani hakumchanganya na wetu. Alimfunga kando, chombo chake cha maji mbali, akawa anamtazama macho, pua na kinyesi mpaka aridhike. “Mgeni hukaa kando kwanza,” alisema. Basi mijusi nao nikawawekea sheria hiyo. Wenyeji waliishi ndani ya tangi lililopasuka, mchanga chini, wavu wa dirisha juu. Aliyetoka kukamatwa aliwekwa kwenye beseni la buluu upande wa pili wa ua, na jiwe la kujifichia. Wenyeji walilishwa panzi kwanza, mgeni mwisho, kisha Yusuf akasugua mikono kwa majivu. Mgeni akiwa na utitiri kwapani, ule mwekundu kama pilipili ya unga, hakuvuka ua.

Ndipo akaja Eedo, dada wa baba, kutoka Takaba, na sanduku tupu. Lile sanduku lilinieleza kila kitu kabla ya salamu kwisha.

“Mtoto asiyesema anahitaji kusomewa Kurani,” alisema akipuliza chai. “Nawe, abaayo, dada yangu, ni mtoto unayelea watoto. Fartun ataenda Bute kwa mjomba wenu. Yusuf nitakwenda naye mimi.”

“Haendi.”

“Nani amekuuliza?”

“Hakuna. Ndiyo maana nasema.”

Aliinuka kwa hasira, akaliona beseni. “Na mashetani haya!” Akalibeba hadi kwenye tangi, ammwage mgeni humo ili awatupe wote kwa pamoja. Yusuf akaidaka jilbabu yake.

“Hapana, Eedo! Huyo ana utitiri!”

Sauti ilikwaruza kama bawaba yenye kutu. Fartun alicheka, kisha akalia. Eedo aliketi palepale mchangani, beseni mapajani, mjusi akimkodolea macho.

“Alhamdulillahi,” alisema mwishowe, akifuta uso. “Basi amepona. Kesho tunasafiri.”

Nilikwenda nikasimama mlangoni pa ua. “Mgeni hukaa kando kwanza, Eedo. Ni neno la Hooyo. Kaa nasi, ututazame tunavyokula na tunavyolala. Mpaka hapo, hakuna mtoto atakayevuka hapa.”

“Umenifanya mimi mjusi?”

“Mjusi hapigi kelele hivyo,” alisema Yusuf.

Eedo alinilaani, kisha akakaa. Mwezi ulipoandama alikuwa akituchambulia mchele, na habari ya kugawana watoto haikurudi tena kinywani mwake.

Siku zile niliamini sheria ya Hooyo ilikuwa ya kuwakinga wenyeji tu. Nilikuwa mtu mzima nilipong’amua kwamba beseni lilimkinga mgeni pia. Mjusi wa porini ukimtupa katikati ya wenyeji, hofu itamwua kabla ya ugonjwa. Eedo alikuwa amemzika kaka yake, akaja kwenye ua uliomsubiri kwa meno. Sikujutia kumzuia. Ningemzuia hata leo. Ila nafurahi kwamba hatukumnyima jiwe lake la kujifichia.

Aliondoka bila sanduku. Alimwachia Yusuf, akidai lina kivuli kizuri kuliko beseni, kwa mgeni yeyote atakayekuja.