Gunia Lililolowa

Mzee Dishon Kyalo alikuja Mombasa kutoka Makueni akiwa na miaka kumi na tisa, akaingia kiwanda cha barafu karibu na Kilindini, na hakutoka humo mpaka alipostaafu. Kanisa lilipoamua kuweka jiwe la kumbukumbu la Bwana Furtado, Mgoa aliyekianzisha kiwanda hicho, lilimchagua yeye alifunue. Sababu waliijua wote: siku bomba la gesi ya kugandishia lilipopasuka, Kyalo ndiye aliyeingia akafunga koki.

"Baba, leo umependeza kuliko bwana harusi," bintiye Mwende alimwambia akimnyoosha kola. "Cheka basi kidogo."

Kyalo alijifunga kifungo cha juu, akatangulia mlangoni.

Kanisani, Nyevu alikuwa amemwekea nafasi benchi la mbele. Nyevu ni mjane wa Kingi, rafiki yake wa kiwandani.

"Shemeji, njoo hapa. Umechelewa kama kwamba Furtado ni wewe." Akasukuma mfuko wa korosho miguuni pake. "Zako za mwaka huu. Marehemu angekuwapo angekubebea gunia zima."

Kila mwaka alimletea korosho kutoka Kilifi, shukrani kwa mtu aliyemtoa mumewe ndani ya gesi. Kila mwaka Kyalo alizila peke yake, kwa kujificha.

Maana aliyeingia alikuwa Kingi. Kiwandani walikuwa na desturi: gesi ikivuja, unachovya gunia majini, unajifunika kichwa kizima, unaingia. Kingi alijifunika, akaingia, akafunga koki, akarudi akaanguka mlangoni amezimia. Kyalo, aliyekuwa amejibanza nyuma ya ukuta, alimvua gunia apate hewa. Hapo Bwana Furtado akafika mbio. Kwa mbali alikuwa ameona mtu mwenye gunia; sasa aliliona gunia mkononi mwa Kyalo.

"Ni wewe?"

"Ndiyo, bwana."

Maneno mawili tu. Kingi alipozinduka, wenzake walimwambia kwamba Kyalo alimfuata ndani, akamalizia kazi, akamtoa. Aliamini. Alimshika mkono akalia, na macho yale yaliyounguzwa na gesi hayakuona sawasawa tena mpaka alipokufa. Kyalo akafanywa msimamizi.

Padri alimwita. Kyalo alivuta kitambaa, jiwe jeupe likaonekana, watu wakapiga makofi.

"Tuambie ya siku ile, mzee wetu."

Alikishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili. "Si mimi niliyeingia. Ni Kingi."

Makofi yakazidi. "Mnaona unyenyekevu wa wazee?" padri alisema akitabasamu.

Angeweza kuishia hapo. Alikuwa amesema, na Mungu amesikia. Lakini alimtazama Nyevu, akamwona anapiga makofi kuwashinda wote.

"Nyamazeni," alisema. "Mimi nilijificha. Nilimvua gunia, bwana akanikuta nalo, nikasema ni mimi. Kingi amekufa akinishukuru."

Kyalo alirudi kwenye benchi lile lile kwa hatua fupi, kwa kuwa hakujua pengine pa kukaa.

Nyevu hakumtazama. Aliinama, akauvuta mfuko wa korosho kutoka miguuni pa Kyalo, akaupakata. Kwaya ilipoanza, alifungua kitabu cha nyimbo, akakishika peke yake.