Shimo Chini ya Migomba

Eliakunda alikuwa ameshachimba shimo. Lilikuwa dogo, chini ya migomba nyuma ya nyumba yake kijijini Mhezi, pembeni ya pale walipofukia titi lake mwaka jana. Kwao mtu huzikwa mzima, na kilichotangulia kukatwa humsubiri hapo hapo shambani.

Kilichobaki nje ni kipande kama punje ya haragwe. Daktari Shamsa, mtafiti wa maabara moja ya Moshi, alikiomba siku ya upasuaji, na Eliakunda akakubali kwa sharti lake: mwaka ukiisha, anakifuata. Mwaka uliisha, naye akashuka mlimani na kopo lenye mfuniko, alilolifunga kwenye kitenge, akapanda basi Same kwenda Moshi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata changu."

Shamsa hakubisha. Alimwonyesha kwanza kwenye hadubini. Kile kipande kilikuwa kimekuzwa kikawa vibonge mamia, hai, kama mbegu za nyanya kwenye maji yake, vimegawanywa kwenye visahani, kila kimoja kimetiwa dawa yake ili kuona ipi inaua saratani.

"Vinasaba vyetu havifanani, mama, na saratani zetu nazo hazifanani. Dawa nyingi zilijaribiwa kwenye vipande vya uvimbe wa wanawake wa mbali. Sisi hatukuwemo."

Akagusa kisahani kimoja. Dawa iliyotiwa humo haikuwa imefanya lolote. Eliakunda alilijua jina lililoandikwa juu yake: ndiyo dawa aliyochomwa dada yake Priska mara tano, alipougua saratani hiyo hiyo. Ya sita Priska aliikosa, kwa kuwa Eliakunda alimwomba abaki wavune tangawizi; baadaye akafa. Miaka tisa hilo lilikuwa likimla.

"Kwa hiyo hata angeenda ile ya sita..."

"Ya dada yako siijui, mama. Hii ni yako. Kuna kipande chake kilichohifadhiwa?"

Hakikuwepo. Priska walimzika mzima, kama inavyotakiwa, pamoja na jibu lake.

Eliakunda alilia palepale, bila kuona haya. Kisha akauliza vibonge vile vinaweza kukaa muda gani. Shamsa akasema vikigandishwa, miaka mingi. Eliakunda akalifunga tena kopo lake, tupu.

Kesho yake binti yake, Irine, alimkuta akifukia shimo kwa jembe.

"Mama, hukurudi nacho?"

"Nimekiacha, mwanangu. Siku ukiwa na swali, usikose pa kuuliza kama mimi. Jumatatu twende nawe ukapimwe matiti."