Bakuli Lililorudi Tupu

Askari aliyeshika funguo za mahabusu alijulikana kituo kizima kwa jina la Mama Funguo. Hata marehemu mumewe alikuwa akimwita hivyo. Alikuwa mkali kama pilipili, lakini watu waliofungiwa kwake walikula. Sheria yake ilikuwa moja tu: ndugu akileta chakula, aonje kwanza mbele yake pale kaunta, ndipo kiingie ndani. Hakutaka mtu afe kwa sumu mikononi mwake.

Asubuhi hiyo mkuu wa kituo aliwaita askari wake ofisini. Mahabusu kulikuwa na fundi viatu aliyekamatwa kwa kusema hadharani kwamba vibanda vya soko vilivunjwa kinyume cha sheria. Muda ambao katiba inaruhusu mtu kufungiwa bila kufikishwa mahakamani ulikuwa umeshapita, na mkuu, badala ya kumpeleka, akaamua kumficha.

"Fundi viatu hayupo hapa," alisema. "Hajawahi kuwepo. Jioni kuna gari litamchukua. Kuna swali?"

Nani angeuliza? Mwenye nguvu mpishe.

Haikupita muda, mke wa fundi akafika na bakuli lake.

"Hayupo," Mama Funguo alimwambia, bila kumtazama usoni.

"Jana alikuwepo, dada yangu."

"Leo hayupo."

Mwanamke akaliweka bakuli juu ya kaunta, pengine kwa kuchoka tu. Na mazoea yana taabu, jamani. Mkono wa Mama Funguo ukafunua kifuniko, mdomo ukasema, "Haya, onja kwanza." Mwanamke akaonja. Mama Funguo akalipeleka bakuli ndani, akakaa huko kitambo, akalirudisha tupu, tena limeoshwa. Mwanamke alipolipokea kwa mikono miwili na kusema ahsante, ndipo askari wa watu alipotambua alichofanya. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mke wa fundi hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa wakili, wakili akakimbilia mahakamani, na mchana huohuo jaji akaamuru mkuu wa kituo na mshika funguo wafike mbele yake.

Nje ya chumba cha mahakama mkuu alimsogelea Mama Funguo.

"Mimi nitaapa kwamba hayupo. Wewe sema chakula ulikula mwenyewe. Uroho si jinai." Akatabasamu. "Nyumba unayokaa ni ya serikali, unakumbuka? Na mama yako mgonjwa yumo humo humo."

Angesahauje? Uongo wenyewe ulikuwa mwepesi na aibu yake ndogo: watu wangecheka, basi, yaishe. Lakini gari lingekuja jioni, na hakuna aliyekuwa tayari kumwambia lingeelekea wapi.

Mkuu akaapa, akasema yake bila kupepesa macho. Kisha Mama Funguo akapanda kizimbani.

"Bakuli la mama huyu lilirudi tupu," jaji alisema. "Nani alikula?"

Mkuu akakohoa. Mke wa fundi hakumtazama jaji wala wakili. Alimkodolea macho Mama Funguo.

"Mume wake, mheshimiwa," Mama Funguo akasema. "Yuko chumba cha mwisho. Kushika kijiko hawezi, nilimlisha."

Mwanamke akajishika mdomo. Jaji akaamuru mkuu asitoke pale alipo, na fundi aletwe sasa hivi, kabla mahakama haijaahirishwa. Mama Funguo akarudi kituoni na maofisa wa mahakama, wakili nyuma yao. Aliogopa, ndiyo, lakini kifua kilikuwa kimepungua uzito, na akaanza kujiona mtu mwema.

Akafungua mlango wa chumba cha mwisho.

Fundi viatu aliposikia funguo na vishindo vya viatu, alijikunja ukutani, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Baba, ni mimi," Mama Funguo alimwambia. "Mahakama inakuita."

Mikono haikushuka. Kwa nini ishuke? Kila askari wenzake walipokuja kumpiga, ni yeye aliyewafungulia mlango, kisha akasimama nje hadi wamalize. Akaona haya mpaka machozi yakamtoka mbele ya watu. Akampa wakili funguo, akasogea pembeni ili mwingine aingie.