Darlene na Kilomita Tisa za Serikali Kuu

Saa moja asubuhi, Darlene Kvistad anapandisha gari lake la kusukuma theluji mlima wa Harlow, magharibi mwa jimbo la Montana, Marekani. Koleo la chuma mbele ya gari linaichana theluji na kuimwaga bondeni. Kwenye kibao cha kijani barabara ya jimbo inaishia, ya serikali kuu inaanzia. Hapunguzi mwendo.

"Zamani hapa ndipo nilipokuwa nageuza," anasema huku akibadili gia. "Unafika, unainua koleo, unarudi zako kama mgeni aliyenyimwa kiti."

Darlene, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, ni mwajiriwa wa jimbo. Kilomita tisa zilizo juu ya kibao zimo ndani ya msitu wa taifa, na zilikuwa na dereva wake, aliyelipwa na serikali kuu ya Washington.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, Bunge la Washington lilishindwa kuelewana juu ya bajeti. Fedha zikakatika, ofisi za serikali kuu zikafungwa, na dereva yule akarudishwa nyumbani. Theluji ikafika kiunoni, familia kumi na nne zikafungiwa mlimani. Kati ya waliokwama alikuwamo mzee Orrin Teague, ambaye husafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki. Alikuwa amekwishakosa zamu moja, na kwa ukungu uliotanda helikopta haikuweza kuruka.

Wakubwa wakawa wanatupiana mpira. Jimbo lilisema barabara si yake. Serikali kuu ikasema mali yake isiguswe bila kibali, na wa kutoa kibali wote walikuwa likizo ya lazima.

Darlene alipofika kwenye lango la msitu, karibu na kibao kile, gari la wagonjwa likiwa nyuma yake, alimkuta mlinzi wa msitu, Luis Archuleta, aliyekuwa akifanya kazi bila mshahara.

"Fungua, Luis."

"Mama, unajua siwezi. Hili lango la serikali kuu."

"Na mzee Teague ni wa serikali gani?"

Luis akasogea dirishani. "Bosi wako kasemaje?"

"Kasema nigeuze."

"Basi geuza."

"Sigeuzi. Ukitaka, nishtaki."

Luis akatoa ufunguo, akafungua. Kisha akazunguka gari, akapanda kiti cha abiria.

"Wakiuliza, waambie serikali kuu ilikuwepo," akasema. "Tena ilifunga mkanda."

Walipanda taratibu, gari la wagonjwa likiwafuata nyuma. Lorna, mke wa mzee, alikuwa amekwishamvika mumewe koti na viatu.

"Mzee ndiye aliyekuwa ananituliza," anakumbuka Lorna. "Mimi nilishakata tamaa."

Mzee alifikishwa hospitalini, akanusurika. Darlene alisimamishwa kazi wiki mbili, Luis akapewa onyo. Hakuna aliyeomba radhi. Wakazi walifurika ukumbi wa kaunti kudai majibu, na kabla baridi haijarudi, serikali hizo mbili zilitia saini makubaliano: mmoja akikwama, mwenzake apite.

"Nilifuata sheria iliyokuwepo," anasema Dale Brandvold, bosi aliyemsimamisha. "Hii ya sasa ni nafuu kuifuata."

Lakini makubaliano hayo ni ya mlima huu tu. Mwezi ujao Darlene anakwenda Helena, mji mkuu wa jimbo, kuwaomba wabunge wa jimbo wayafikishe kwenye milima yote.

"Sitaki Washington itumeze, wala sitaki tuifukuze," anasema. "Kila mtu na kwake. Ila mgonjwa akikwama katikati, ijulikane nani anamfuata. Wakiniuliza mimi nani hata niwafundishe, nitawaambia: mimi ndiye niliyemfuata."