Ghala Lililonyamaza

Walisema sitavuka hata Rufiji. Walisema nitashuka pale kivukoni, ninunue samaki wa kukaanga, nipande basi la kurudi, na kabla ya Ijumaa nitakuwa nimekaa tena barazani kwa fundi cherehani nikieleza kwamba chuo kimefungwa kwa matengenezo.

Walikuwa na sababu yao. Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa nimepelekwa chuo hichohicho cha biashara, kule kaskazini kwenye baridi, nikasoma muhula mmoja tu. Baba alifariki, nikarudi kulea wadogo zangu. Watu husahau msiba haraka. Wanachokumbuka ni kwamba ulirudi. Kwa hiyo nilipotangaza, na mvi zimeshaanza kuchungulia masikioni, kwamba kamati ya kijiji imenipa ruhusa ya kurudi darasani, kijiji kizima upande wetu wa Njinjo kilipata kitu cha kucheka msimu mzima.

"Wewe ni karani wa mizani," baba yangu mdogo aliniambia. "Mizani ina ubaya gani? Inakutuma popote?"

"Baba mdogo, nataka kuliendesha ghala la korosho, si kupima magunia ya watu mpaka nizeeke."

"Haya. Utazeeka kule, kwenye baridi."

Lakini huyohuyo baba mdogo ndiye aliyeuza mbuzi wake jike kwa ajili ya nauli yangu. Fundi cherehani, aliyekuwa akiwachekesha wateja kwa kuniigiza nikitetemeka kwa baridi, alinikopesha koti lake la kuvalia Idi. Na aliyenicheka kuliko wote ndiye aliyenipa kitu kilichoniokoa: blanketi zito la sufu, jekundu, lililokuwa la marehemu mumewe.

Huyo alikuwa mama wa Kingindo, mkuu wa kina mama walioanika korosho ghalani. Mimi ni Mmatumbi wa milima ya Kipatimu, na kwa desturi yetu Mmatumbi na Mngindo ni watani. Anaweza kunitukana mbele ya wakwe zangu nami nisikasirike. Anaweza kunivua kofia njiani akaondoka nayo mpaka niikomboe kwa jogoo. Nikifa, yeye ndiye atakayewachekesha wafiwa. Siku ya safari alinitupia blanketi lile dirishani mwa basi, pale Nangurukuru, huku wauza mihogo wakisikiliza.

"Chukua, mtani! Mmatumbi ukiganda huko nani atatuletea maiti?"

"Nitarudi na diploma."

"Ukirudi na diploma, blanketi hilo nitalila. Mbele ya watu. Kwa maji ya dafu."

Nikawaambia wote watatu: kila kilichotoka mikononi mwenu kitarudi, siku nitakayokuwa meneja. Si kabla.

Sitawachosha kwa habari za chuo. Nilikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote, na walimu wawili walinizidi kwa miaka michache tu. Vijana waliniita Babu. Baada ya mtihani wa kwanza wa hesabu za biashara wakaanza kuniita Mheshimiwa, kwa sababu walikuwa wanakuja chumbani kwangu kuomba nieleze tena. Nilikaa nimejifunga blanketi la Mngindo kiunoni na koti la fundi juu, nikiwafundisha. Nasema hili bila kujisifu, maana ni kweli.

Somo lililonivutia zaidi lilikuwa la uongozi na usimamizi. Mwalimu wetu alikuwa mama mnene, mpole wa sauti, mkali wa alama. Siku moja alituuliza, "Meneja atajuaje kazi imeharibika?" Vijana wakajibu: kwa taarifa, kwa ukaguzi, kwa vikao. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni milango ya mbele. Kila mahali pa kazi pana mlango wa uani, ndipo ukweli unapopita ukiwa haujavaa viatu. Mkifika kazini, utafuteni kwanza, kabla hamjabadilisha lolote." Niliandika, nikapigia mstari, nikasahau. Ila nilipouhitaji ulikuwepo.

Nikarudi na diploma. Kamati ya kijiji ilikaa, mwenyekiti akanisomea masharti: nitaliendesha ghala kwa msimu mmoja wa majaribio. Korosho za kijiji zikipita daraja la kwanza, nitathibitishwa kuwa meneja. Zikishuka, wataomba mtu kutoka Lindi mjini, nami nirudi kwenye mizani.

Kijiji chetu ndiyo kwanza kilikuwa kinajifunza kuishi pamoja. Watu walikuwa wamehamia kutoka huku na huku, Wamatumbi wa milimani, Wangindo wa msituni wanaorina asali, Wamwera, na familia za pwani zilizokuja na majamvi yao, na wote sasa walitumia kisima kimoja na ghala moja. Kila asubuhi ghala lile lilikuwa na kelele kama harusi. Ukifika unasikia:

"Nyie Wamatumbi mnalalaje huko milimani? Si mnajifunga kamba msiviringike?"

"Afadhali sisi. Mngindo akisikia nyuki anaacha hata jeneza njiani!"

Mimi, na diploma yangu mpya, nikaona huu si utaratibu. Chuoni nilipelekwa kutembelea kiwanda cha kaskazini ambako wafanyakazi walikuwa kimya, kila mtu na mashine yake. Nikaipenda picha ile. Siku yangu ya kwanza nikawakusanya mbele ya mizani, nimevaa shati jeupe, nikawaambia, "Ndugu zangu, kuanzia leo hakuna utani kazini. Utani ni wa kilabuni na wa matangani. Hapa ni mahali pa uzalishaji."

Mtani wangu alinitazama juu chini. Akafunga khanga kiunoni vizuri, akasema, "Ndiyo, ndugu meneja." Hakuwahi kuniita hivyo tangu tuzaliwe.

Ghala likanyamaza. Nakiri lilinipendeza. Wakulima walileta magunia, yakapimwa, yakamiminwa, yakaanikwa, yakashonwa, yakapangwa. Hakuna aliyepiga kelele. Mwenyekiti alipopita, alisema, "Sasa hapa pamekuwa ofisi." Nililala vizuri.

Kisha mkaguzi akaja. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kisu kidogo. Akachoma gunia la kwanza, akamimina korosho kiganjani, akazitikisa karibu na sikio. Korosho kavu hulia zikigongana, kama kokoto. Hizi zilikuwa bubu. Akabonyeza moja kwa kucha, ganda likabonyea.

"Hizi zimeshonwa mbichi," akasema.

Akachoma gunia jingine, na jingine. Mengine yalikuwa yameanza kutoa harufu ya ukungu. Shehena yote ikaandikwa daraja la pili. Mwenyekiti alinivuta pembeni, chini ya paa la mabati, jasho likimtiririka.

"Ndugu meneja, hilo ni lori la kwanza. Lori la pili likishuka, mimi sina la kusema kwenye kamati."

"Halitashuka."

"Wewe unasema. Mvua nayo inasema yake."

Ni kweli, mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa upande wa milimani, na mvua ikishika, njia ya kutoka kwetu kwenda barabara kuu haipitiki. Nilikuwa na muda mfupi. Nikamwendea mtani wangu, aliyekuwa anakunja jamvi.

"Mama, wewe una mikono inayojua korosho kuliko kisu cha yule kijana. Magunia yale yamepitaje?"

"Yamepita mlangoni, ndugu meneja."

"Uliona kwamba ni mbichi?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

Akatupa jamvi chini. "Nimwambie nani? Mzee wa watu anatoka kwake alfajiri na gunia kichwani, ni jirani yangu wa jana tu, hatujazoeana. Nimwambie kavukavu, mbele za watu, korosho zako mbichi? Kesho mkewe hatanipa salamu kisimani. Zamani ningemwambia, wee Mmatumbi, korosho zako zinanyonya bado, warudishe watoto kwa mama yao! Angecheka, angenitukana, angebeba gunia akaanike tena. Wewe umekataza. Basi nikamwambia ahsante baba, nikamimina."

"Lakini mimi nilikataza matusi, sikukataza taarifa!"

"Kwetu hivyo viwili hulala kitanda kimoja."

Hapo ndipo nilipousikia tena ule upole wa sauti wa mwalimu wangu, na mlango wake wa uani. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Wapo mameneja ambao wangeandika barua ya onyo, au wangemwachisha kazi mama yule, au wangejifungia ofisini kumlaumu mkulima. Mimi nilisimama pale kama mti wa mkorosho uliopigwa radi, kisha nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimelipata jibu la mtihani nikiwa nimeshapewa alama.

Asubuhi iliyofuata niliwakusanya tena mbele ya mizani. Safari hii sikuvaa shati jeupe. Nilivaa blanketi lile jekundu mabegani, katika joto lile la Kilwa, watu wakaanza kunong'ona kwamba homa imenipanda.

"Ndugu zangu," nikasema, "chuoni nilifundishwa vitu vingi, na kimoja nilikiweka kichwa chini miguu juu. Utani umerudi kazini kuanzia sasa. Na ili msiseme naogopa, mtani wangu aanze na mimi."

Kisha mama yule akatoka mbele, akanizunguka polepole kama mtu anayenunua mbuzi.

"Tazameni," akasema. "Tumempeleka kaskazini akiwa mjinga wa bure. Amerudi mjinga wa diploma!"

Nilidhani mabati yatang'oka kwa kicheko. Baba yangu mdogo, aliyekuja na korosho zake, alilazimika kukaa juu ya gunia. Mzee mmoja wa Kimwera, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alifuta machozi kwa kofia.

Nikainua mkono. "Sharti ni moja. Mizani haitaniwi. Namba inayosoma mizani ni hiyohiyo kwa Mmatumbi, kwa Mngindo na kwa mtu wa pwani. Kwingine kote, semeni."

Wakasema. Tulifungua kila gunia lililokuwa limeshonwa. Uwanja mzima ukajaa majamvi. Korosho zikageuzwa mchana kutwa, na kelele ikarudi, na ndani ya ile kelele kazi yote ilikuwa inasahihishwa. "Nyie wa pwani, hizi mmezivua baharini? Mbona zinachuruzika!" Gunia likarudi juani. "Mngindo, ushonaji huu ni wa kuzibia mzinga!" Mshono ukafumuliwa. Hata mimi nilipatiwa yangu: niliambiwa kwamba ninapanga magunia kama Mmatumbi anayejenga nyumba kwenye mteremko, nikatazama, kweli rundo lilikuwa limelalia ukuta wenye unyevu. Tukalihamisha, na kuanzia siku hiyo tukaweka magogo chini ya magunia yote. Hakuna aliyenuna. Jioni tuligawana mihogo ya kuchoma na watu waliotukanana tangu asubuhi.

Lori la pili lilikuja wingu likiwa limeshafika Njinjo. Mkaguzi alishuka na kisu chake. Akachoma, akatikisa. Zikalia. Akachoma gunia la katikati, lile ambamo wajanja huficha ubaya. Zikalia. Akaniangalia, kisha akamtazama mtani wangu aliyekuwa amesimama nyuma yangu mikono kiunoni.

"Mmezifanya nini?"

"Tumezitukana," mama yule akajibu, "mpaka zikakauka."

Shehena yote ilipita daraja la kwanza, na lori liliondoka matone ya kwanza yakigonga turubai. Kamati ilikaa wiki ileile. Mwenyekiti alisimama akanithibitisha kuwa meneja, akasema sina mpinzani, nami sikuona sababu ya kumbishia.

Nikatimiza ahadi yangu. Siku ya Idi iliyofuata nilitoka nyumbani na mzigo wa madeni yangu yote. Kwa baba yangu mdogo nilipeleka mbuzi jike, mwenye mimba. Akamkagua meno, akamkagua kwato, akasema, "Huyu wa kwangu alikuwa mweupe zaidi," kisha akageuka haraka kwenda kumfunga, nisimwone uso. Kwa fundi cherehani nilirudisha koti lake, limefuliwa na kupigwa pasi, pamoja na kitambaa cha suruali cha kufanana nalo. Alilivaa palepale. Akajaribu kutetemeka kwa baridi kama zamani. Safari hii hakuna mteja aliyecheka, walikuwa wanashangaa kitambaa.

Kwa mtani wangu nilichelewa makusudi, mpaka watu wamejaa barazani kwake wakinywa chai. Niliingia na sinia kichwani, limefunikwa kawa, na dafu mkononi.

"Shikamooni wakubwa. Nimemletea mama chakula cha Idi."

Akafunua kawa. Juu ya sinia lilikuwa blanketi lake jekundu, limekunjwa vizuri kama mkate, na chini yake jipya nililomnunulia Lindi.

"Diploma imekuja," nikasema. "Meneja amekuja. Na dafu hili hapa. Karibu ule, bibi."

Baraza lililipuka. Vikombe vilimwagika. Yeye hakucheka. Alivuta sinia karibu, akanawa mikono kwa utaratibu, akasema bismillahi, akauma pembe ya blanketi la mumewe. Akatafuna hewa taratibu, macho juu kama mtu anayeonja mchuzi wa mkwe.

"Halina chumvi," akasema. Na kabla sijajibu alikuwa ameshaninyang'anya kofia kichwani, kofia mpya ya Idi, akaikalia. "Rudi nyumbani ulete jogoo."

Nikatoka bila kofia, nikipita katikati ya kijiji kizima juani, meneja mwenye diploma, nikatafuta jogoo mkubwa kuliko wote niliokuwa nao, nikarudi naye kwapani. Akampima kwa mkono, akatoa kofia chini yake, imebonyea, akanivika mwenyewe.

Siku ile jua lilizama sidaiwi na mtu.