Bilauri Iliyotoka Jasho

Kwa miaka thelathini Orsola Zanchi alichekecha, akachemsha na kuchuja majivu ya magugu yanayoyeyushwa kuwa kioo katika tanuri za kisiwa cha Murano, na kisiwani hapakuwa na majivu meupe kama yake. Kujivuna alijivuna, simsitiri. Ya bilauri ya arusi yake aliyachuja mara saba. Mumewe, Bortolo, akaipuliza: kikombe kipana, kifupi kama kisahani, juu ya mguu mwembamba. Chombo cha kumuumbua mlevi hicho, maana mkono ukitetemeka kidogo tu, divai iko kifuani.

Kisha Bortolo akatoroka. Mpuliza kioo wa Murano haruhusiwi kupeleka ujuzi wake ugenini, na akitoroka watawala wa Venisi humtumia wauaji wamfuate nyuma; naye akaupeleka. Mwaka wa nne afisa kutoka Venisi alimjia Orsola, mpole kupita kiasi.

"Mwandikie arudi, mama. Amesamehewa."

Asubuhi ile ile bilauri ilianza kutoka jasho. Orsola aliifuta, ikalowa tena, matone yakiteremka mguuni.

"Inalia hiyo," alisema jirani yake, Zanetta. "Shoga, usiandike."

"Acha uchuro wako! Niliyachuja majivu mno mpaka chokaa ikatoka, na kioo bila chokaa hutoka jasho. Kosa langu, si la mashetani."

"Na kosa lenyewe limengoja miaka yote hii?"

Lakini upweke ulimshinda Orsola. Akaandika: njoo, wamekusamehe.

Siku ya sikukuu ya Mtakatifu Donato, adhuhuri, Bortolo aliingia bila kubisha hodi, akaketi mahali pake. Nguo zilimchuruzika maji, na nje jua lilikuwa kali. Orsola alilia kwa furaha, akamjazia bilauri mpaka ukingoni.

"Umelowa wapi, mume wangu?"

"Nipe ninywe kwanza. Nimemeza chumvi tupu."

Akaishika kitakoni kwa vidole vitatu, akanywa. Orsola aliliona koromeo lake likipanda na kushuka, funda baada ya funda. Alipoirudisha mezani, ilikuwa imejaa vilevile. Hata tone halikupungua.

Hapo Orsola akaelewa kwamba aliyeketi mbele yake alikwisha kufa maji, na furaha yote ikamtoka.

"Bortolo, ni mimi niliyekuita."

"Najua, mke wangu," alisema, bila hasira. "Ndiyo maana sikugeuka kutazama nyuma."